Mahali Sindano Ilipokuwa Ikikwama

Sindano ilipofika pale pake, ikakwama.

"Rudi," aliimba marehemu Kilua kutoka kwenye sahani ya santuri. "Rudi... rudi... rudi... rudi..."

Mgeni angeshtuka. Angenyanyuka mbio kwenda kuusukuma mkono wa gramafoni, na sebule nzima ingempigia kelele, maana katika nyumba ya Semeni hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuingia na viatu. Wenyeji walitulia tuli. Mzee Kibwana, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliweka kikombe chake cha kahawa chini akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Wote waliugeukia mlango wa jikoni.

Bi Chausiku akatokea. Mikono ilimjaa unga hadi kwenye viwiko, kwani alikuwa amepewa donge akandekande tu ili mikono isikae bure, na uso wake ulikuwa ule wa siku hizi, uso wa mtu aliyeteremka kituo kisicho chake. Lakini miguu ilijua njia. Ilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye ubao uliolegea karibu na kabati. Akasimama, akasikiliza, akainua mguu wa kulia, akaushusha kwa nguvu.

Dup!

Sakafu ya mbao ikatikisika, sindano ikaruka, na marehemu mumewe akaendelea na ubeti wake bila kinyongo.

"Nimekuja, nimekuja," Bi Chausiku aliikaripia sahani. "Mwanamume hana subira huyu! Mtu yuko jikoni, yeye ni kuita tu." Kisha akawageukia watu, na uso wake ulikuwa umerudi. "Kibwana, hujambo? Mkeo mguu umepona? Na wewe Semeni, mbona umekonda hivyo, mwanangu? Huli?"

"Nakula, mama," Semeni alisema. Asubuhi ile ile mama huyo huyo alimdhania Semeni kuwa dada wa mapokezi, akamwuliza kwa adabu lini ataruhusiwa kwenda kwao.

Mambo yalikuwa hivyo kila Ijumaa alasiri katika ile nyumba kuukuu ya reli, pale Tanga. Zamani mama akisharudi alikaa hadi adhana ya magharibi. Alikula, alisengenya, alimsema Semeni kwa kutotaka kuolewa tena. Raha hiyo ilikwisha. Siku hizi alikaa muda wa kikombe cha kahawa, na Ijumaa hii hata kikombe hakikwisha. Alikuwa katikati ya kumpa Mzee Kibwana dawa ya kuchua mguu, akanyamaza, akaitazama mikono yake, akauliza ni nani aliyemchafua namna hii.

Semeni akamshika mkono akampeleka kunawa. Aliporudi aliinua sahani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa fundi wa magramafoni, wa mwisho aliyebaki mjini, na hakuhitaji kuambiwa alichokiona. Mifereji inamopita sindano ilianza kuwa myeupe. Sindano za chuma alikuwa ameshaziacha siku nyingi, akawa anachonga za miiba ya mkonge, laini, kila moja kwa wimbo mmoja kisha anaitupa. Hata hivyo sahani ilikuwa inaliwa. Kila Ijumaa sauti ya baba yake ilizama kidogo, na kila Ijumaa mama alirudi kwa muda mfupi zaidi. Vyote viwili vilikuwa vinamwishia mkononi, na yeye fundi mzima hakuwa na la kufanya.

"Inatosha kwa leo," aliwaambia watu. Hakuna aliyebisha. Walikunja mikeka yao wakaenda zao, wakiimba barabarani kwa pamoja, jambo ambalo mjini mle ungeweza kulisikia siku hiyo tu.

Maana nyimbo nyingine zote zilikuwa za Mto. Mto uliingia sikioni mwa kila mtu kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mtama, na ulikuwa na nyimbo zote za dunia. Ulizipata wapi? Ulizila. Sahani zote na kanda zote zilizokusanywa zilipelekwa kwenye mtambo uitwao Msomaji, zikabanduliwa tabaka kwa tabaka kwa mwanga, zikabaki vumbi, sauti ikaingia Mtoni. Na ikishaingia haikukaa kama ilivyokuwa. Mto ulimjua anayesikiliza, ukampa anachopenda: huyu ulimwongezea ngoma, yule ulimpunguzia huzuni, mwingine ulimbadilishia hata maneno. Mjukuu wa Mzee Kibwana alipoolewa, ukumbi mzima ulicheza wimbo mmoja, na kila mtu alicheza lake. Wengine waliruka, wengine waliyumba polepole. Bibi harusi alilia kwa uchungu wa wimbo wakati bwana harusi anacheka kwa utamu wake. Mzee Kibwana alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alisema aliogopa, basi.

Ndiyo maana walikuja kwa Semeni. Sahani ya Kilua na bendi yake ya Magunia haikumjua mtu. Iliimba vile vile, kwa mwenye furaha na mwenye msiba, na ilikwama pale pale.

*

Hiza alikuja Jumapili. Alikuwa mdogo wake Semeni, karani wa bandari, mtu mpole anayezunguka neno mara nyingi kabla ya kulisema. Safari hii hakuzunguka.

"Dada, nimezungumza na watu wa Nanga. Wanamkubali mama."

Semeni aliendelea kuchonga mwiba. "Kwa sharti gani?"

"Unalijua sharti."

Alilijua. Mji mzima ulilijua. Nanga ilikuwa chembe inayopandikizwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ilipewa sauti moja, ikawa inaipiga ndani ya mfupa mchana na usiku, taratibu, na kumbukumbu zilizokuwa zinaelea ovyo kichwani mwa mgonjwa zikaishika ile sauti zikatulia. Watu waliorudi kwa njia hiyo walikuwepo. Mmoja alikuwa akiuza samaki soko la Ngamiani na kuwagombeza wateja kwa majina yao. Lakini sauti hiyo ilitakiwa iwe ileile siku zote. Walipojaribu nyimbo za Mto, wagonjwa walizidi kupotea. Ilitakiwa itoke kwenye kitu, kitu chenye umbo, ambacho mgonjwa alikisikia maishani mwake. Na njia ya kuitoa ilikuwa moja tu, Msomaji.

"Watasaga sauti ya baba," Semeni alisema.

"Wataihamisha."

"Usinifundishe kazi yangu, Hiza. Kinachobaki ni vumbi."

"Na hapa kinachobaki ni nini?" Hiza aliinyanyua sahani kutoka kwenye kabati, akaigeuza kuelekea dirishani. Hata yeye, karani, aliuona weupe. "Mwaka huu ukiisha hii itakuwa inatoa upepo tu. Na mama atakuwa anatutazama tu, mimi na wewe, kama tunavyotazamana na watu kwenye foleni. Dada, mimi ameshanisahau. Wewe anakurudia Ijumaa. Mimi Ijumaa niko kazini."

Semeni aliweka kisu chini. Hilo la mwisho hakuwa amelifikiria, na lilimwuma. Kumbe miezi yote hiyo yeye alikuwa akimpata mama kwa kijiko, na ndugu yake alikuwa hapati hata tone.

"Watatupa nakala?" aliuliza. "Ya kuwapigia watu?"

"Hapana. Sauti ya tiba ni dawa, hairuhusiwi kutoka. Itakuwa kwa mama peke yake."

Kutoka uani ilisikika sauti ya mama akimwuliza kuku kama amewaona watoto wake. Ndugu wawili wakasikiliza wote, kisha wakakwepa kutazamana.

Mzee Kibwana ndiye aliyekuwa mgumu kuambiwa. Semeni alimfuata barazani kwake, akamwamkia, akaeleza. Mzee alisikiliza huku akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mama ni mama," alisema mwishowe. "Mtu hawezi kukuambia usimtibu mama yako, angekuwa mwendawazimu. Mpeleke." Akavaa miwani, akaivua tena. "Ila Semeni, mwanangu, sisi tutasikiliza nini pamoja?"

Semeni angefurahi zaidi kama mzee yule angemtukana. Alisimama pale akachezea ncha ya kanga, akasema atatafuta sahani nyingine, na wote wawili walijua kwamba hakuna sahani nyingine. Mto ulikuwa umeshazila.

Aliporudi ndani alimkuta mama amekaa kwenye ubao uliolegea, miguu ameinyoosha, anaupapasa ubao kwa kiganja. "Hapa pana joto," mama alimwambia. "Nani hukaa hapa?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi nimekuja leo."

Hapo uamuzi ukakamilika: mama angepelekwa Nanga. Semeni alikwenda msalani akalia huko, maji ameyafungulia.

*

Siku ya kwenda alifanya kile ambacho fundi yeyote wa santuri angekifanya. Aliiosha sahani. Aliiosha kwa maji ya mvua na tone la sabuni ya mche, akaipangusa kwa kitambaa cha pamba akifuata mifereji, hadi ikang'aa. Sahani haipelekwi kwa watu na uchafu wake. Alijifunza hivyo kwa baba yake, ambaye aliziosha sahani za bendi yake kwa uangalifu kuliko alivyojiosha mwenyewe.

Kilua huyo huyo ndiye aliyeitia kilema, na kila mtu nyumbani aliijua hadithi. Ilikuwa siku ya harusi yake na Chausiku. Sakafu ilikuwa inatikisika kwa wachezaji, sindano inaruka, naye akaweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili iielemee, kama walivyokuwa wakifanya wote. Haikuruka tena. Ilichimba. Ilichimba katika neno lile la "rudi", na tangu siku hiyo ikawa ikifika hapo inazunguka hapo hapo mpaka mtu akanyage sakafu. Bwana harusi alitaka kukanyaga. Bibi harusi akamzuia: "Wacha, hapo naitwa mimi." Na kweli, tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyethubutu. Alikanyaga akiwa mjamzito. Alikanyaga akiwa katika eda, watu wa msiba wamejaa ndani, na walionuna walinuna.

Kituo cha Nanga kilikuwa cheupe, kisafi, kinanukia ndimu. Kwenye benchi la kusubiria wanawake wawili walikuwa wakibishana kuhusu wimbo waliokuwa wakiusikia pamoja. Mmoja alisema unahusu safari, mwingine akaapa kwamba unahusu ndoa. Bi Chausiku alikaa katikati yao akitabasamu kwa wote, mkono wake mmoja Hiza ameushika.

Daktari Ngaiza alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi na lugha ya upole. Aliwaamkia vizuri, akampigia mama magoti kabisa, na Semeni akampenda, jambo ambalo baadaye lilimfanya akose hata mtu wa kumchukia.

"Nataka mnielewe kabla hatujaanza," alisema. "Nanga inauma mara moja. Ikishaishika sauti, imeishika. Hatuwezi kuitoa tukaweka nyingine, tutazichana na kumbukumbu zilizoshikamana nayo. Na sahani haitarudi. Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana," Hiza alijibu.

"Bibi fundi?"

Semeni alikuwa ameibana sahani kifuani. "Tumekubaliana."

"Basi swali moja la kiufundi, na hili ni lako zaidi. Msomaji anaweza kuisoma sahani namna mbili. Anaweza kuisoma kama ilivyo, na mikwaruzo na vishindo vyake vyote. Au anaisoma safi: anatazama mfereji, anatambua ulivyochongwa siku ya kwanza, anaruka yale yaliyoongezeka baadaye. Mimi hushauri safi. Kumbukeni, hii itapigwa ndani ya mfupa wakati wote. Wale tuliowawekea yenye mikwaruzo wanalalamika kuwa wana sisimizi masikioni. Mmoja alijikuna hadi akatoka damu."

"Mungu wangu," Hiza alisema.

Semeni hakufikiri hata kidogo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye. Aliulizwa swali la kazi yake, kazi aliyoifanya maisha yake yote, akajibu kama mtu wa kazi. Alifikiria vumbi. Alifikiria ule mchakacho wa mchanga unaosikika kabla ya wimbo, na weupe wa mifereji, na mama yake akijikuna.

"Safi, daktari," alisema. "Toka lini fundi akapeleka sahani na uchafu wake?"

Pale palipokwama hapakumjia akilini, kwa kuwa kwake yeye hapakuwa uchafu. Alizaliwa akapakuta. Ungemwuliza wimbo unakwendaje, angekuimbia na kukwama kwake, angekanyaga na mguu, na asingehisi kuwa amekuimbia kosa. Hiza naye hivyo hivyo. Katika nyumba ile nzima hakukuwa na mtu aliyekumbuka tena kupahesabu pale kuwa kosa, na daktari angejuaje?

*

Msomaji hakuwa na kelele. Ulikuwa mtambo mdogo, wa kutoshea juu ya meza, una kioo juu. Sahani iliwekwa, mwanga wa bluu ukaanza ukingoni, ukawa unaingia ndani polepole ukiizunguka. Kila ulipopita, weusi uligeuka majivu laini yakanyonywa kwenye chupa. Daktari alieleza kwa sauti ya chini kwamba kusoma kwenyewe ndiko kubandua, kwamba mwanga hauwezi kuujua mfereji bila kuunyanyua. Semeni alimwomba anyamaze, akaomba radhi kwa kumnyamazisha. Aliitazama karatasi ya katikati ya sahani, yenye jina la baba yake kwa wino uliofifia. Ilibaki kidogo peke yake, duara dogo jekundu. Kisha nayo ikaenda.

Mama alikuwa amelazwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, kichwa kimenyolewa kidogo nyuma ya sikio. Chembe ilikuwa imeshaingizwa, bado haijapewa kitu. Daktari aliwaruhusu wakae naye.

"Itapigwa kwake na kwenye spika kwa pamoja, mara hii moja," alisema. "Ni haki yenu kuisikia. Ikiisha, nanga itakuwa imeuma."

Wimbo ukaanza, na Semeni akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Baba alikuwa mle chumbani. Sijui nikuambieni vipi. Alivuta pumzi kabla ya neno la kwanza, pumzi ambayo Semeni hakuwahi kuijua maishani mwake. Vidole vilisikika vikikwaruza nyuzi za gitaa. Nyuma kabisa mtu mmoja wa bendi alikohoa, akajizuia. Hiza alikuwa analia wazi wazi, kamasi na yote, akicheka. "Msikie!" alisema. "Dada, msikie mzee!"

Midomo ya mama ilianza kufuata maneno. Macho yakafunguka, yakatua kwa Hiza, yakakaa hapo kwa namna ya mtu anayetafuta jina na jina liko mdomoni. Hiza akamwinamia. "Ni mimi, mama. Ni Hiza wako."

Ubeti wa kwanza ukapita. Semeni akahisi mguu wake mwenyewe unajiandaa sakafuni, na hakujua kwa nini. Kisha akatazama kitandani, akaona shuka likinyanyuka. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa unapanda.

Akaelewa.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Daktari, simamisha! Hapa panakwama! Hapa pana..."

"Rudi," Kilua aliimba, mara moja, vizuri sana, akaenda kwenye ubeti wa pili.

Mguu wa mama ulibaki juu chini ya shuka. Alisubiri. Macho yaliyokuwa yametua kwa Hiza yakaanza kuhangaika darini, huku na huku, yakitafuta. Wimbo ukaendelea mbele, mzuri, safi, hauna doa. Ubeti wa pili, kiitikio, gitaa. Daktari alikuwa ameshafika kwenye mtambo, mkono uko hewani, uso umempauka. Hakugusa kitu.

"Nikikata katikati nampoteza," alisema. "Bibi, siwezi. Imeshaanza kuuma. Kuna nini? Nimekosa nini?"

Wimbo ulifika mwisho. Mahali fulani ndani ya mfupa ukaanza tena, na spika ikanyamaza.

"Hujakosa kitu, mwanangu," Semeni alisema. Akakaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Sakafu ya kituo ilikuwa ya saruji, ngumu, isiyotikisika kwa lolote.

Walijaribu kuongea. Hiza aliuliza kama neno moja haliwezi kurudiwa-rudiwa, likatiwa, ni neno moja tu, jamani. Daktari alieleza yale yale kwa upole: nanga haifunguki, na hata ingefunguka, kinachotungwa na mtambo ubongo hukitema, ndiyo maana walihitaji sahani. Na sahani ilikuwa chupani, kiasi cha kijiko cha kahawa. Aliwapa. Aliifunga kwa kitambaa kabla ya kuwapa, kwa heshima.

*

Ijumaa watu walikuja tu. Hakuna aliyewaalika, miguu iliwaleta. Walitandika mikeka, Semeni akawapa kahawa, na gramafoni ilikaa kabatini ikiwa wazi, haina kitu juu yake. Hakuna aliyejua pa kutazama. Mzee Kibwana aliifunika kwa kawa ya kufunikia chakula, kisha akaona haya, akaifunua.

Bi Chausiku aliketi kwenye kiti karibu na ubao wake. Alinenepa kidogo, alitulia, hakuwa tena na wasiwasi wa kutaka kwenda kwao. Hilo nanga ilikuwa imelifanya, na daktari alilihesabu kuwa maendeleo. Midomo yake ilikwenda siku nzima na wimbo ambao hakuna mwingine aliyeweza kuusikia. Lakini hakumjua mtu. Hakurudi hata kwa muda wa funda moja la kahawa.

Waliokuwa sebuleni walijifunza kuusoma wimbo midomoni mwake. Walijua ulipo. Kwa hiyo ulipokaribia pale pake, mazungumzo yalikatika yenyewe, na wote wakamtazama, kama zamani.

Mguu ukapanda. Ukakaa hewani. Uso wake ukawa na usikivu ule wa zamani, wa mwanamke aliye jikoni anayengoja kuitwa mara ya pili ili awe na hakika. Ndani yake Kilua alikuwa ameita mara moja na kupita, hana haja naye. Alisubiri zaidi. Mguu ukaanza kutetemeka, mguu wa mtu mzima huo, kisha ukateremka taratibu ukagusa ubao bila sauti. Midomo ikaanza tena kutoka mwanzo.

"Mpaka lini?" Mzee Kibwana aliuliza kwa mnong'ono.

Semeni alitoka alipokuwa, akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mama yake. Akausubiri wimbo midomoni mwake, ubeti mzima, hadi mguu ulipopanda. Ndipo akafungua mdomo.

"Rudi," aliita. Sauti ilimtoka vibaya. "Rudi... rudi... rudi..."

Hiza, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini Ijumaa hii, alipokea kutoka mlangoni. "Rudi... rudi..." Mzee Kibwana naye akapokea, na mkewe, na wale wa mikekani, mmoja mmoja, wakikwama kwa makusudi mahali pale pale, bila kuchoka, mpaka sebule nzima ikawa inaita neno lile moja.

Bi Chausiku alisikia. Hilo lilikuwa dhahiri. Aliinua uso akawatazama wote, akageuka akatazama nyuma ya kiti chake, akatazama mlango wa jikoni. Kisha akamwinamia Semeni, akambana mkono kwa huruma, kama unavyomwambia jambo msichana wa watu usiyemjua jina.

"Kuna mtu anaitwa huko, mwanangu," alimwambia polepole. "Mbona haendi?"

Mguu wake ulikuwa bado juu.